Taka za Mulago Haziendi Ufukweni

Kampala ina imani iliyoota mizizi, hasa kwa wanavyuo, waumini na kampuni zenye fulana za kugawa, kwamba plastiki ni tatizo la tabia. Watu hawana ustaarabu, wanatupa ovyo. Basi wenye moyo wajitolee, wapande basi mpaka ufukwe wa Ggaba au Entebbe, wavae glavu, wajaze magunia. Nia ni njema na jasho la mtu halidharauliwi. Lakini tufuate maji. Jiji hili limekaa juu ya mgawanyo wa mito. Mfereji wa Nakivubo hupeleka maji Ziwa Victoria, kwenye ghuba ya Murchison, lakini sehemu kubwa ya maji ya mabonde ya mtaa wa Mulago, pamoja na Katanga na Kifumbira, hushika njia nyingine. Huteremka kwa mfereji wa Nsooba, yakapita Kalerwe na Bwaise, yakaingia kinamasi cha Lubigi, halafu Mto Mayanja, halafu Kafu, mpaka Nile. Kwa hiyo chupa iliyotupwa nyuma ya banda la chipsi pale Mulago inalipa ziwa kisogo. Mwenye kuisubiri Entebbe atasubiri sana.

Chupa hiyo hukwama karibu zaidi. Mvua ikinyesha, midomo ya makalvati hujaa chupa za maji za nusu lita, kaveera, yaani mifuko myeusi ya plastiki ya sokoni, na nepi, na maji yakikosa njia huingia vyumbani mwa watu Bwaise. Na hata gunia lililojazwa ufukweni linakwenda wapi? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa Kiteezi, dampo lililofunguliwa mwaka 1996. Tarehe 10 Agosti 2024 mlima huo wa taka uliporomoka ukafukia nyumba, wakafa zaidi ya watu 30. Mwezi uliofuata Rais alimfukuza kazi Mkurugenzi Mtendaji wa mamlaka ya jiji, KCCA, Dorothy Kisaka, pamoja na naibu wake. Wakubwa waliwajibishwa, sawa, lakini viwanda vilivyotengeneza zile plastiki havikuguswa hata kwa swali.

Wazo kwamba mkosaji ni mtupaji lina historia, tena si ya Kiganda. Mwaka 1953, jimbo la Vermont nchini Marekani lilipopiga marufuku kuuza bia katika chupa zisizorudishwa, kampuni za vinywaji na vifungashio zilikuwa miongoni mwa waasisi wa Keep America Beautiful, chama kilichowahimiza raia wasitupe taka. Mzigo ukahama kutoka kiwandani hadi mkononi mwa mpita njia. Linganisha na chupa ya kioo ya soda hapa Mulago. Mwenye duka hakuruhusu uondoke nayo mpaka uache chupa tupu au pesa ya dhamana. Kwa hiyo huioni mtaroni, na ikionekana, mtoto ataiokota kabla ya jioni. Mnywaji ni yuleyule, kichochoro ni kilekile, na hakuna semina ya maadili iliyofanyika. Tofauti ni kwamba kioo kina bei ya kurudishwa kwa mwenyewe.

Nitaambiwa kujitolea kunafundisha. Kunafundisha nini? Kwamba mpangaji wa chumba kimoja Katanga, ambako lori la taka haliwezi kupita, ndiye adui wa mazingira. Wengine watasema kubana viwanda ni kuua ajira. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo iliyoirudisha nyuma Uganda kila mara. Bajeti ya 2007 ilitangaza marufuku ya mifuko laini, Sheria ya Fedha ya 2009 ikaiandika, NEMA, mamlaka ya mazingira, wakaanza msako mwaka 2015 ukapoa, na Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019 ikarudia marufuku ya mifuko iliyo chini ya maikroni 30. Muuza nyanya gani wa Kalerwe ana kifaa cha kupima maikroni? Rwanda ilifunga mlango mwaka 2008, Kenya Agosti 2017, Tanzania Juni 2019, na masoko yao hayakufungwa. Ajira za kiwandani zina wa kuzitetea bungeni. Godoro lililolowa Bwaise halina.

Hayo hayamaanishi vijana wakae nyumbani. Buganda wana bulungi bwansi, kazi ya pamoja ambayo kwayo watu walisafisha kisima wanachokunywa wenyewe na njia wanayopita wenyewe, si kisima cha mbali. Kwa kipimo hicho Jumamosi ya wanaojitolea ni ya Nsooba, wakiwa na daftari pamoja na magunia. Tangu 2018 mtandao wa Break Free From Plastic umekuwa ukiwakusanya watu wa nchi nyingi kuhesabu taka kwa lebo, chupa hii ya nani, kaveera hii ya nani, kisha majina yanatangazwa. Hesabu kama hiyo ya Kalerwe ikifanywa kila mwezi na kupelekwa NEMA na kwa mbunge, dhamana ya chupa ya plastiki itakuwa hoja yenye takwimu na majina ya wadaiwa. Wala haihitaji basi la kukodi.