Kipimo cha Ubongo na Amana ya Wazee



Bibi aliyewafunza wajukuu Alfatiha anapouliza kama adhuhuri imeswaliwa, ilhali ameondoka msalani sasa hivi, nyumba nzima huingiwa na simanzi. Kisha jamaa mmoja husikia kuwa kipande cha ubongo chaweza kukatwa na kupimwa, naye akauliza: mbona mzee wetu hafanyiwi hivyo, tukajua yakini?

Swali hilo lina asili yake. Mwaka 1906 tabibu wa Kijerumani, Alois Alzheimer, aliuchunguza kwa hadubini ubongo wa mwanamke aliyekuwa amefariki, akaona mabaka na nyuzi zilizosokotana. Maradhi hayo yakapewa jina lake.

Lakini kwa aliye hai, kipimo hicho si cha kukimbiliwa. Fuvu hutobolewa, na huchelewa kuvuja damu, kuingia vijidudu au kushikwa na kifafa. Pengine kipande kilichokatwa kisioneshe kitu. Tena kwa maradhi ya Alzheimer, jibu lake aghalabu halibadilishi tiba. Ndiyo sababu madaktari humwekea mgonjwa anayedhoofika kwa kasi, wanaposhuku ambukizo, saratani au uvimbe wa mishipa ya ubongo wenye tiba, na vipimo vingine vimeshindwa kubainisha.

Basi tuanze na yaliyo mepesi. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo iliyozorota, sonona, baadhi ya dawa, na damu iliyovilia ndani ya fuvu baada ya kuanguka, yote huweza kumsahaulisha mtu, na mengi katika hayo hutibika. Damu ipimwe, picha ya kichwa ipigwe, na dawa zote anazotumia zichukuliwe zikaoneshwe daktari.

Na tukiombwa idhini ya kukata, tuulize: Mnatafuta nini? Kikionekana, tiba itabadilika? Hatari kwa umri wake ni ipi? Kutia sahihi bila ya kuuliza si tawakkul.

Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akijikinga kwa Mola wake na umri dhalili. Aliyefikwa nao nyumbani mwetu ni amana. Asikemewe kwa kuuliza mara ya kumi, wala asiachiwe binti mmoja kazi yote ya kumuuguza.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie wazee wetu. Amin.