Alama Mia kwa Ukurasa Usiosomeka

Walimu wenzetu waliopata kusafiri kwa barabara ya Morogoro wanaifahamu mizani ya Vigwaza. Lori hupimwa, na likiwa halikuzidisha uzito huruhusiwa kuendelea na safari. Mizani haiulizi kama magunia yana mchele au pumba, wala si kazi yake kuuliza. Tumeukumbuka mfano huo kwa sababu ya jambo lililotupata sisi wenyewe chuoni.

Chuo chetu huweka muhtasari wa masomo katika tovuti. Kabla ya kuzitangaza kurasa hizo tulizipitisha katika Lighthouse, programu ya Google ambayo hukagua ukurasa kwa muda mfupi sana na kutoa alama, hadi 100, kwa jinsi unavyoweza kutumiwa na watu wenye ulemavu. Tulipata 100. Hatuoni haya kukiri kwamba tuliyabandika matokeo hayo ubaoni. Wiki ile ile mwanachuo wetu mmoja asiyeona, aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha hapa Vigwaza, alitueleza kwa upole kwamba hakuweza kufuata hata somo moja.

Mwanachuo huyo hutumia NVDA, programu isiyouzwa iliyoanzishwa mwaka 2006 na vijana wawili wa Australia, wote wasioona. Husoma kwa sauti yale yaliyo katika kioo cha kompyuta, na sauti ya Kiswahili imo ndani yake. Lakini kila ukurasa hubeba, mahali pasipoonekana na msomaji, tamko la lugha yake. Kiolezo tulichokitumia kilitoka ng'ambo kikiwa kimetamkwa kuwa cha Kiingereza, nasi hatukukibadili. Basi Kiswahili chetu kikasomwa kwa ulimi wa Kiingereza: "wake" likawa "weik", na mji wa Same ukawa "Seim". Hebu msomaji na ajaribu kusikiliza kurasa kumi za saikolojia ya mtoto kwa namna hiyo! Programu ya ukaguzi iliangalia kama tamko la lugha lipo, na kama ni la lugha inayotambulika. Kama ni la kweli, haikuwa na njia ya kujua.

Yako na mengine. Chini ya mchoro wa moyo tulikuwa tumeandika, kwa ajili ya wasioona, maneno "picha ya 3". Maelezo yalikuwapo, kwa hiyo alama ikatolewa. Kitabu cha rejea kilikuwa kimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na kwa sauti ya kompyuta kitabu cha namna hiyo ni bubu. Lakini mtambo ulikagua ukurasa wenye kiungo tu, kitabu chenyewe haukukifungua.

Hatuna nia ya kuubeza mtambo. Hupima vizuri mambo ambayo jicho huchoka kuyapima, kwa mfano kama rangi ya maandishi ya kawaida inatofautiana na ya nyuma yake kwa kiwango cha 4.5 kwa 1, au kama kisanduku cha kujazia jina kimekosa lebo. Waliotunga Lighthouse wenyewe hukumbusha, pamoja na alama wanazotoa, kwamba ukaguzi wa mtambo hugundua sehemu tu ya kasoro. Mwaka 2019 Manuel Matuzović, mtengenezaji wa kurasa wa Austria, alitengeneza kwa makusudi ukurasa usioweza kutumika, nao ukapata 100.

Tunachokipinga ni kuigeuza alama kuwa cheti. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inawapa wanafunzi hawa haki ya elimu, na ni rahisi mno kwa chuo kudai kuwa kimeitimiza kwa kuonyesha karatasi. Wengi wetu tumepata kumwona mkaguzi anayehesabu safu zilizojazwa katika andalio la somo, kisha akaondoka bila kuingia darasani.

Maoni yetu ni kwamba mtambo utangulie, kisha ukurasa usikilizwe mwanzo hadi mwisho na mtu asiyeona, na jina la kurasa alizozikataa liandikwe pamoja na alama. Yupo atakayeuliza wapatikane wapi watu hao. Wamo vyuoni mwetu, na chuo cha Patandi kule Arusha kimewafunza walimu wa elimu maalumu kwa miaka mingi. Ila walipwe. Si haki mwanachuo asiyeona awe mkaguzi wa bure, tena wakati wenzake wanajisomea.

Tamko la lugha tulilisahihisha kwa kubadili herufi mbili, "en" kuwa "sw", kazi isiyomaliza dakika moja. Kitabu kinachapwa upya kwa mkono. Mazoezi ya kufundisha yalipokwisha tulikuwa tumefika sura ya pili, na mtihani wake ulikuwa unatoka katika sura ya tano.