Kopo moja la mkorogo, marafiki wanne

Binti wa kidato cha pili pale Mpitimbi, Songea Vijijini, hana njia nyingi za kuonekana tofauti na wenzake. Sare ni moja, nywele zimekatwa, nyumbani shamba ni lile lile la mahindi. Kinachobaki ni uso. Ndiyo maana kopo dogo lisilo na lebo, lililonunuliwa Songea mjini kwa kuchangishana, linaweza kuzunguka kwa wasichana wanne ndani ya wiki moja.

Wazazi wengi wakilikuta huanza na ukali: "Nani kakufundisha?" Binti hunyamaza. Akitaja jina, amewasaliti wenzake, na katika umri wa miaka 14 au 15 kutengwa na marafiki huuma kuliko fimbo. Mara nyingi hatafuti weupe. Anatafuta nafasi ya kukaa nao.

Hata hivyo, hatari ni ya kweli. Baadhi ya krimu zinazochanganywa kwenye mkorogo huwa na zebaki, haidrokwinoni au steroidi, viambata vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi nchini. Zebaki inaweza kuharibu figo. Steroidi hufanya ngozi iwe nyembamba, huleta michirizi na chunusi.

Tena kuna jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi. Aliyepaka steroidi kwa muda mrefu akiacha ghafla, uso unaweza kuwaka, kuwasha na kutoka vipele. Wenzake watamcheka, naye atalirudia kopo. Kwa hiyo usiishie kulitupa. Mpeleke binti kituo cha afya pamoja na kopo lenyewe, mtaalamu aelekeze namna ya kuacha.

Vipi kuhusu marafiki? Kumkataza asionane nao hakusaidii sana, maana wanasoma darasa moja. Miaka ya 1950, mwanasaikolojia Solomon Asch wa Marekani aliwapima vijana waliozungukwa na kundi lililokubaliana kutoa jibu la uongo. Wengi walifuata mkumbo angalau mara moja. Lakini kijana alipopata mwenzake mmoja tu aliyesema ukweli, kufuata mkumbo kulipungua sana.

Kwa binti yako pia, rafiki mmoja anatosha kuanzia. Muulize ni nani kati yao asiyependa mambo hayo, kisha mkaribishe nyumbani. Zungumza na mama zao wengine, bila kutafuta wa kulaumiwa.

Mpe pia sababu ya kukataa bila kupoteza heshima: "Mama hunikagua kila jioni, siwezi." Lawama ibebe wewe, yeye abaki na marafiki zake.

Mwisho, sikiliza maneno ya nyumbani kwako. Mtoto anayesikia kila siku mdogo wake akisifiwa, "huyu mweupe, mzuri," hahitaji rafiki wa kumfundisha mkorogo. Somo ameshalipata mezani.