Bora Gari Moja Lililo Zima

Kwa wengi wetu tuliozaliwa Afrika ya Mashariki, theluji ni kitu cha kutazamwa kwa mbali, juu ya kilele cha Kilimanjaro. Lakini wako ndugu zetu wengi wasemao Kiswahili, Wakenya wa Minnesota, Wakongo wa Maine na wa Buffalo, ambao theluji huwafikia mlangoni kila mwaka, na kwa baadhi yao imekuwa riziki. Wakati wa baridi huisukuma kutoka viwanja vya maduka na njia za nyumba; wakati wa joto hukata majani, hupanda miti na kutengeneza bustani za watu. Kazi zote mbili zataka pikapu. Na kwa kuwa bei ya pikapu mpya ni kubwa mno, wengi hununua iliyokwisha kutumika.

Fedha inayonunua gari hilo si fedha ya mchezo. Ni akiba ya miaka ya kazi za usiku, na mara nyingi ndani yake mna ada ya shule ya mdogo mtu na dawa ya mama aliyebaki nyumbani. Kwa hiyo rai yetu twaitoa mapema: ni heri watu watatu waunganishe fedha zao wanunue pikapu moja iliyo nzima, kuliko kila mmoja kukimbilia yake iliyo mbovu.

Yafaa kwanza tufahamu ugumu wa kazi yenyewe. Bamba la chuma la kusukumia theluji, lenye upana wa futi 8, pamoja na vyuma vyake laweza kufika kilo 300 hadi 400, na uzito huo wote huning'inia mbele ya gari. Springi za mbele, maungio ya magurudumu na ekseli hubeba mzigo ambao pikapu ya kawaida haikuundwa kuubeba. Tena dereva huenda mbele na kurudi nyuma mamia ya mara katika usiku mmoja, na kila mara giaboksi huumia. Ikifika majira ya joto, gari hilo hilo hupakiwa udongo, na yadi moja ya ujazo ya udongo wenye unyevu hufika tani moja au kupita. Basi gari lililokwisha kufanya kazi hiyo miaka kumi limechoka, hata kama rangi yake yang'aa kama kioo.

Adui mkubwa zaidi ni kutu. Huko humwaga chumvi barabarani, mamilioni ya tani kila mwaka, ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hula chuma kutoka chini, mahali pasipoonekana. Hata jina kubwa si kinga. Mwaka 2016 kampuni ya Toyota, ambayo sifa zake kwetu hazina haja ya kutajwa, ilikubali kutoa hadi dola bilioni 3.4 kumaliza shauri la pikapu na magari mengine ambayo chasisi zake zilidaiwa kuoza kwa kutu huko Marekani, ingawa haikukiri kosa. Ikiwa hayo yaliweza kutokea kwa jina hilo, mnunuzi atategemeaje nembo peke yake?

Kwa hiyo mnunuzi hana budi kulala chini ya gari kabla ya kukaa kwenye usukani. Aigonge chasisi kwa nyundo, asikilize. Chuma kizima hulia, kilichooza hunyamaza. Atazame nyufa mahali bamba linapofungwa. Anuse mafuta ya giaboksi, kwani yakinuka kuungua yamekwisha toa habari zake. Asome kibandiko kwenye mlango wa dereva, ambacho hueleza uzito ulioruhusiwa kwa gari zima na kwa kila ekseli, akilinganishe na bamba na mizigo anayotaka kubeba. Pikapu ndogo kwa kawaida haiwezi kazi ya viwanja vikubwa, hata ikipakiwa magunia ya mchanga nyuma ili kuisawazisha.

Karatasi nazo zisisahauliwe. Kwa namba ya gari, yenye herufi na tarakimu 17, na kwa malipo madogo, mtu aweza kujua kama gari lilipata kuhesabiwa kuwa limeharibika kwa ajali au mafuriko. Katika sehemu kubwa ya Marekani, tangu mwaka 1985, mwenye duka la magari yaliyotumika hutakiwa kubandika dirishani karatasi isemayo kama gari lina dhamana ama lauzwa jinsi lilivyo. Likiuzwa jinsi lilivyo, nalo likafa jioni ile ile, kwa kawaida hasara ni ya mnunuzi. Muuzaji wa kando ya njia halazimiki hata kubandika karatasi hiyo.

Tunajua wapo watakaotujibu kwa maneno ya wazee, kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo twaiheshimu. Lakini jembe likivunjika mpini, mkulima huchonga mwingine kabla jua halijachwa. Gari likivunjika chasisi usiku wa dhoruba, mwenye duka asubuhi hukuta uwanja wake umefunikwa, na kesho yake kazi humpa mwingine. Mwezi wa Novemba 2022, kusini mwa Buffalo, theluji iliyoanguka kwa siku chache ilipata mita 2. Usiku kama huo haumsubiri fundi.

Tena kuna hatari ya kinyume chake, nayo ni theluji kutoanguka. Majira ya baridi ya 2023 hadi 2024 yalikuwa ya joto kuliko yote yaliyopata kupimwa katika majimbo 48 ya bara ya Marekani. Mtu anayelipwa kwa kila safari ya kusukuma theluji hapati kitu mbingu ikiwa kavu, bali mkopo wa gari hauulizi habari za mbingu. Deni likigawanywa kwa watatu huinamisha bega. Likimwelemea mmoja huvunja mgongo.

Yaweza kuulizwa: theluji huwaangukia wote usiku mmoja, sasa watatu watatumiaje gari moja? Jibu ni kwamba kazi yenyewe yataka watatu. Mmoja huendesha, wa pili hushika koleo akasafisha ngazi na vijia ambavyo bamba haliwezi kuvifikia, wa tatu humwaga chumvi. Dhoruba ikidumu usiku kucha, hupokezana usukani, kwa maana dereva mwenye usingizi ni hatari kuliko barafu.

Lakini ushirika usio na maandishi ni ugomvi uliochelewa. Waandike kila mmoja ametoa kiasi gani, nani mwenye jina katika hati ya gari, matengenezo yatalipwaje, na anayetaka kutoka atalipwa nini. Wakate bima ya biashara, kwa sababu bima ya gari la nyumbani mara nyingi hailipi ajali iliyotokea katika kazi ya kuchuma fedha. Na watafute kwanza mikataba ya kazi, ikiwezekana ile ya kulipwa majira yote, ndipo watafute gari.

Vijana wetu wamekwenda mbali kutafuta maisha, na jasho lao halistahili kuliwa na kutu. Kila mmoja kumiliki gari lake ni fahari. Lakini fahari iliyoegeshwa uani kwa kukosa giaboksi haipeleki mtoto shule. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na tuseme pia kwamba akiba ya mtu mmoja mara nyingi hainunui gari zima.