Bomba Halipimwi kwa Sura Yake ya Nje

Wahenga walinena: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii hunijia kila nionapo wanafunzi wetu wakichora viungo vya mabomba kwa kompyuta.

Tuchukue kiungo kinachounganisha bomba pana na jembamba, ambacho mafundi hukiita ridyusa. Aghalabu mwanafunzi hulichora umbo la nje likapendeza, kisha akalitoboa tundu moja lililonyooka toka ncha hadi ncha. Mchoro hupata alama nzuri, ilhali maji yatokayo bomba pana yatagonga ukuta.

Naona yafaa tuanzie ndani. Mwanafunzi achore kwanza njia ya maji: sehemu pana, mteremko, kisha sehemu nyembamba. Aongeze unene wa ukuta, ndipo auzungushe mkato huo kwenye mhimili wake. Programu ya FreeCAD, itolewayo bila malipo, huifanya kazi hiyo. Vipimo vikiwekwa katika jedwali, kubadili kipenyo kimoja hurekebisha umbo zima.

Jambo hili si dogo kwa mkulima wa Garsen avutaye maji ya Mto Tana kwa pampu ya mafuta. Kipenyo cha ndani kikipungua kutoka milimita 100 hadi 50, nafasi ya maji hubaki robo. Kiasi kile kile cha maji kikipita, kasi huwa mara nne, na nguvu ipoteayo kwa msuguano katika kila mita hukaribia mara 32. Gharama hiyo huilipa mkulima.

Mafuriko ya El Niño ya mwaka 1997 yaliharibu mradi wa mpunga wa Delta ya Tana. Ajengaye upya baada ya janga huunganisha mabomba aliyo nayo, na hapo macho humdanganya. Mabomba mawili ya plastiki ya milimita 63 hulingana kwa nje, lakini lile la kustahimili shinikizo kubwa lina ukuta mnene zaidi, hivyo tundu lake ni dogo.

Wako watakaosema kwamba shule nyingi hazina kompyuta. Hilo si udhuru, kwani karatasi ya miraba na rula hutosha kuchora mkato.

Basi, ndugu walimu, kabla ya kutoa alama, mtakeni mwanafunzi aupasue mchoro wake katikati, aonyeshe maji yanapitia wapi.