Bro Yako Akiingia Ndani Meru ama Embu, Ganji Yako Ianzie Wapi?

Simu inaingia saa tatu usiku. "Bro yako ameshikwa. Tuma elfu tano kwa hii namba, atatoka leo leo." Mkono unatetemeka, PIN unaikosea mara mbili. Tulia hapo kwanza, buda.

Wakora wa "tuma kwa hii namba" wanajulikana Kenya nzima, mpaka jina la Kamiti limekuwa kama jina la hiyo biashara yao. Na mfungwa haruhusiwi kuwa na simu. So mtu akikupigia akisema ako Jela ya Embu ama Kangeta, na anataka chapaa kwa laini ya "beshte", hata kama sauti ni ya mtu wako, hiyo pesa haina risiti. Ikipotea, utamshika nani? Meseji ya wakora ifowadi kwa 333, ni bure.

Swali la kwanza si "nitume ngapi?" Ni "amefika wapi?"

Kama bado ako stesheni, Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inataka afikishwe kortini ndani ya saa 24, ama siku ya korti inayofuata. Ukiitishwa dhamana ya pesa, itisha risiti. Hiyo pesa ni yako, inarudi akihudhuria korti. Bila risiti umelipa hongo, na kesho bado anaweza kuwa ndani.

Kama ni kosa la faini pekee, ama la kifungo kisichozidi miezi sita, Katiba hiyo hiyo inasema asiwekwe rumande. Wasee wengi hawajui hii. Isemeni mbele ya hakimu.

Kama ako rumande, bado hajahukumiwa. Sheria inampa nafasi ya kuletewa chakula na nguo kutoka nje, bora vikaguliwe na askari jela. Lakini usijifanye mjanja ukamfichia muguka kwa mkate. Utaingia box pamoja naye.

Sasa, hapa ndio familia nyingi hupoteza ganji. Jamaa amepigwa faini ya 30,000 ama miezi sita. Nyumbani mnaona 30,000 ni mlima, so mnaanza kumtumia mia tano mia tano za sabuni. Kumbe sheria inakubali kulipa sehemu ya faini hata akiwa tayari ndani, na siku zinapunguzwa kulingana na mlicholipa. Mkichanga 10,000, theluthi ya kifungo imeenda. Mbogi ya watu ishirini, kila mtu mia tano, na miezi miwili imekatwa. Lipeni kwa njia ya korti, mkiwa na namba ya kesi, si kwa simu ya mtu.

Ya matumizi inakuja mwisho. Pesa ya mfungwa haikai mfukoni, inaandikwa kwa jina lake ofisini na anaitumia kantini. Ulizia hapo getini, na usiondoke bila risiti. Na asikudanganye mtu ati mfungwa anajitafutia akiwa ndani. Malipo ya kazi ya jela kwa miaka mingi yamehesabiwa kwa senti kwa siku. Senti, manze, si shilingi.

Ukweli mchungu ni huu: watu wawili wanaweza kufanya kosa moja Maua ama Runyenjes. Mwenye doo analipa faini na kulala kwake. Asiye nayo anaenda Kangeta ama Embu, na adhabu inahamia kwa mathe anayeuza ndizi Gakoromone. Yeye ndiye analipa nauli ya kumtembelea, sabuni, na wakora juu yake.

So kabla ubonyeze "tuma", jiulize: hii ganji inamtoa, ama inamsaidia tu kukaa? Kama inaweza kumtoa, anza na hapo.