Wageni wa Uwanja wa Ndovu

Katika pembe ya kusini-magharibi ya Jamhuri ya Afrika ya Kati, mpakani mwa Kameruni na Kongo-Brazzaville, upo msitu mkubwa uitwao Dzanga-Sangha. Toka Bangui, mji mkuu, hadi kijiji cha Bayanga kando ya mto Sangha ni mwendo wa kilometa 500 hivi, na barabara yenyewe si ya kusifiwa. Hata hivyo wageni wa Ulaya na Marekani hufunga safari hiyo, wala hawaendi kupiga wanyama. Waenda kutazama tu.

Watazamacho ni uwanja ulio wazi katikati ya miti, uitwao Dzanga Bai. Ardhi yake ina chumvichumvi, na kila mfugaji ajua jinsi mnyama awezavyo kwenda mbali kwa ajili ya chumvi. Ndovu wa msituni, walio wadogo kuliko wale wa Tsavo na wenye pembe zilizonyoka, huja hapo kwa makumi, wakazamisha mikonga majini kutafuta madini yaliyo chini. Dume mkubwa akishika shimo zuri, wengine hungoja. Wageni hukaa juu ya dungu la mbao, mfano wa dungu la mkulima alindaye mtama, wakaona yote. Bibi mmoja wa Marekani, Andrea Turkalo, alianza kazi hapo mwaka 1990, naye kwa miaka mingi aliwatambua maelfu ya ndovu, mmoja mmoja, kwa masikio na pembe zao, kama karani mwenye daftari la walipa kodi.

Gorila ni kazi nyingine. Gorila asiyezoea watu hukimbia, au huja kwa hasira, na kumzoeza huchukua miaka. Kazi hiyo, iliyoanza mwaka 1997, isingewezekana bila Waaka, wenyeji wa msitu ambao tangu zamani huwinda kwa nyavu. Wao husoma jani lililokunjwa na tunda lililoumwa, na wakikaribia hupiga kidoko kwa ulimi ili gorila wajue ni nani ajaye. Mgeni hufuata nyuma, amefunika pua na mdomo. Mwenye mafua haruhusiwi, maana mafua ya mtu yaweza kumwua gorila.

Ugumu uko hapa. Hifadhi ya Taifa ilipowekwa mwaka 1990, uwindaji ulikatazwa ndani yake, hata kwa Waaka. Waliachiwa kuwinda kwa desturi yao katika eneo la akiba lililo kando. Badala yake upo mshahara wa wafuata nyayo, na sehemu ya ada za wageni iliyotengwa kwa vijiji. Lakini si kila nyumba ina mfuata nyayo. Tena Machi 2013 waasi waliiteka Bangui, na Mei watu 17 wenye bunduki waliingia Dzanga Bai, wakapanda dungu lile lile la kutazamia, wakaua ndovu 26. Wageni wakaacha kuja, na ada zikakoma. Katazo la kuwinda halikukoma.

Baadaye ndovu walirudi kwenye chumvi yao, na wageni wakafuata polepole. Mapema mwaka 2016 ikatangazwa kwamba Malui, gorila jike wa kundi lililozoezwa, amezaa pacha. Waaka walikuwa wakilifuata kundi hilo kila siku.